Njia Iliyozaa Mpaka

Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia, ambao wote wawili wameshatangulia mbele ya haki, walikutana hapa mpakani kufungua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde. Kazi ya kituo hicho si ngumu kueleza. Lori lililokuwa likikaguliwa upande wa Tanzania, kisha likavuka na kukaguliwa tena upande wa Zambia, sasa lingekaguliwa mara moja tu, katika nchi linakoingia, na kuendelea na safari yake. Watu tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi, maana tuliwaona madereva wakilala chini ya trela zao siku nne, siku tano, wakingoja muhuri.

Jioni moja katika siku zile nilikwenda kula kwa mama mmoja mwenye banda la chakula kando ya barabara. Nilimkuta hana furaha. Nikamuuliza kulikoni.

"Mwalimu," aliniambia huku akikung'uta mwiko ukingoni mwa sufuria, "mimi nimesomesha watoto wanne kwa wali wa madereva. Sasa kama hawatalala tena hapa, wali huo nitamuuzia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikula nikalipa, nikaondoka. Lakini swali lile halikuniacha, na kila nilipolitafakari niliona kwamba halikuwa swali la mama yule peke yake. Ni swali la mji mzima, na ni la zamani kuliko mji wenyewe. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa Tunduma, tangu alipoanza kuja na fedha zake, hakuwa akija Tunduma. Alikuwa akipita. Je, mwenyeji huponaje kwa mgeni anayepita?

Turudi nyuma kidogo, ili tuone jambo hili lilivyoanza.

Katika nchi nyingi mpaka hutangulia na njia hufuata. Watawala wakishagawana ardhi, ndipo barabara hutafuta mahali pa kuvukia. Hapa kwetu ilikuwa kinyume. Njia ilitangulia, na mpaka ukazaliwa kwa ajili ya njia.

Mwaka 1878 wafanyabiashara wa Uskochi walianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la African Lakes Company. Iliongozwa na ndugu wawili, John na Frederick Moir. Wenyeji wa nchi ya Nyasa waliiita Mandala, kutokana na miwani aliyovaa John Moir. Glasgow ya wakati ule ilikuwa mji wa viwanda, viwanda vya meli na vya injini, na matajiri wake walikuwa wakitafuta mahali pa kupeleka bidhaa zao na mtaji wao. Mmoja wa matajiri hao, James Stevenson, mwaka 1881 alijitolea kulipia barabara ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, kutoka Karonga kupita nyanda hizi za juu. Fikra yake ilikuwa hii: meli katika ziwa la kwanza, barabara katikati, meli katika ziwa la pili, na bidhaa za Ulaya zingefika katikati ya Afrika na pembe za ndovu zingetoka, bila ya kutegemea misafara ya pwani iliyokuwa ikibeba pembe na watumwa.

Barabara ile haikupata kumalizika. Mhandisi wa kwanza, James Stewart, alifariki mwaka 1883. Aliyemfuata, William McEwan, alifariki mwaka 1885. Palipotengenezwa hasa ni sehemu ya kupandia milima kutoka Karonga. Kwingine kote ilibaki njia ya miguu tu, ya wapagazi wenye mizigo kichwani. Mwaka 1887 vita vikazuka Karonga baina ya kampuni na Mlozi, mfanyabiashara Mswahili wa pembe na watumwa, na havikuisha kabisa mpaka Waingereza walipomshinda na kumnyonga mwaka 1895. Kwa mizani ya mfanyabiashara, basi, mradi wa Stevenson ulikuwa hasara. Watu walikufa, fedha ziliisha, na njia ilikuwa nusu.

Hata hivyo nusu ile ya njia ilitosha kugawa watu. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ule maarufu ambao kwao Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Waingereza na kisiwa cha Heligoland kikapewa Wajerumani. Katika mkataba huo huo walikata nchi iliyo baina ya maziwa mawili. Waingereza walishikilia kwamba barabara ya Stevenson ibaki upande wao. Kwa hiyo mstari ukapitishwa kaskazini ya njia ile, ukiifuata kama uzio unavyofuata shamba. Mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ilikuja kuupima mpaka juu ya ardhi yenyewe.

Wanyamwanga, ambao nchi yao ilikuwa huku na huku, hawakuulizwa. Mtu alilala akiwa na shamba moja na ndugu wa ukoo mmoja, akaamka shamba liko kwa Mjerumani na kaburi la babu yake liko kwa Mwingereza. Na jambo la kuchekesha, kama lingekuwa la kuchekesha, ni kwamba mkataba ule ule uliogawa watu uliahidi kwamba watu na bidhaa za mataifa hayo mawili zingepita baina ya Nyasa na Tanganyika bila ya kutozwa ushuru wa njia. Bidhaa zilipewa uhuru wa kupita kabla ya wenye nchi kuambiwa kwamba kuna mpaka.

Nimelikumbuka jambo hili mara nyingi ninaposikia watu wakibishana juu ya wawekezaji, kama ni wengi au ni wachache, kama wameleta mamilioni mangapi. Stevenson hakuleta mamilioni. Alileta paundi elfu chache tu, na kazi yake ikamshinda. Lakini mpaka leo mtoto anayezaliwa hatua mia moja kusini ya hapa ni Mzambia, na anayezaliwa hatua mia moja kaskazini ni Mtanzania, kwa sababu tajiri mmoja wa Glasgow alitaka barabara. Uzito wa mtaji hauko katika wingi wake tu. Uko katika mahali unapopita na katika kile unachokiacha nyuma yako.

Mgeni wa pili alikuja baada ya uhuru. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini, chini ya Ian Smith, walijitangazia uhuru wao. Zambia, nchi isiyo na bahari, ilikuwa imezoea kupitisha shaba yake na kupokea mafuta yake kupitia kusini. Ghafla njia ile ikawa njia ya adui. Mafuta yakaanza kubebwa katika mapipa, juu ya malori, kutoka Dar es Salaam mpaka Zambia, katika barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Malori yalipinduka, madereva walikufa, na Wazungu wakaiita njia ile njia ya jehanamu. Jehanamu hiyo ilipita hapa hapa Tunduma.

Wakati huo katika Ulaya ilikuwapo nchi moja ambayo uchumi wake ulikuwa umekua kwa kasi iliyowashangaza hata wenyewe. Italia ilitoka vitani mwaka 1945 ikiwa magofu. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1960 viwanda vyake vilikuwa vikiuza magari, mashine na mabomba duniani kote, na Waitaliano wenyewe waliita hali hiyo muujiza. Shirika lao la mafuta, ENI, lililoanzishwa mwaka 1953 chini ya Enrico Mattei, lilikuwa likitafuta nafasi katika nchi changa kwa kuzipa masharti bora kuliko yaliyotolewa na makampuni makubwa ya mafuta. Kwa ubia na Tanzania lilijenga kiwanda cha kusafishia mafuta cha TIPER Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1966. Na makampuni ya kundi hilo ndiyo yaliyojenga bomba la TAZAMA, kilomita 1,710, kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, likaanza kazi mwaka 1968. Mali ya bomba hilo ni ya serikali mbili: theluthi mbili za Zambia, theluthi moja ya Tanzania.

Bomba lile liliiokoa Zambia, na mtu asidharau hilo. Lakini tulitazame kwa jicho la mwenye banda la chakula. Mafuta hupita chini ya ardhi. Hayalali, hayali, hayanunui sigara, hayaulizi njia. Bomba likishafukiwa, mwenyeji hubakiwa na alama tu za kumwonya asilime juu yake. Katika wageni wote waliopita hapa, huyo alikuwa wa haraka kuliko wote, na kwa mji wetu ndiye aliyeacha kidogo kuliko wote.

Mgeni wa tatu alikuwa Mchina. Habari za reli ya TAZARA zimesimuliwa mara nyingi, kwa hiyo nitataja machache tu. Mwaka 1964 Benki ya Dunia ilisema reli hiyo haifai kibiashara. China, ambayo yenyewe ilikuwa bado nchi maskini, ilikubali mwaka 1967 kuijenga, na mwaka 1970 ikatoa mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba. Kazi ilianza Oktoba 1970. Agosti 1973 reli ilifika Tunduma ikavuka kuingia Zambia. Julai 1976 ilikabidhiwa rasmi, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika kazi ile, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto.

Jambo ambalo halisimuliwi sana ni namna gharama za hapa nchini zilivyolipwa. Tanzania na Zambia zilichukua bidhaa za China kwa mkopo, zikaziuza katika maduka, na fedha za mauzo hayo zikalipa mishahara ya vibarua na gharama nyingine za nyumbani. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa vibarua hao. Alibeba kokoto na kupanga mataruma ya zege, na mwisho wa mwezi alipokea shilingi zake, akaenda dukani akanunua kikombe cha enameli, chupa ya chai na shuka, vyote vya China. Hakujua, wala mimi sikujua mpaka nilipokuwa mtu mzima, kwamba kwa kununua kikombe kile alikuwa akisaidia kulipa mshahara wake mwenyewe wa mwezi ujao. Kikombe hicho ninacho hadi leo. Kimebanduka rangi pembeni, lakini hakijatoboka.

Nini kilibaki katika reli? Kilibaki zaidi ya kikombe. Vijana 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea uendeshaji wa reli. Karakana zilijengwa Dar es Salaam na Mpika, na chuo cha kufundishia wafanyakazi kikawekwa Mpika. Huo ndio ujuzi, na ujuzi haupiti kama behewa. Lakini msomaji ataona kwamba Tunduma haimo katika orodha hiyo. Sisi tulipata stesheni. Na stesheni ni mahali pa kupanda na kushuka.

Hata reli yenyewe haikutimiza yote yaliyotarajiwa. Ilijengwa iweze kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Ilipata kubeba zaidi ya milioni 1 katika miaka yake mizuri, kisha ikapungua. Mwaka 1978 Zambia ililazimika kufungua tena njia ya kusini. Miaka ya 1990 ubaguzi ulipokwisha Afrika Kusini, bandari za kule zikawa wazi kwa kila mtu. Vichwa vya treni navyo vilichakaa bila vingine kununuliwa vya kutosha. Katika mwaka wa fedha 2014/15 reli nzima haikufikisha tani 100,000.

Mizigo ilikwenda wapi? Ilipanda barabarani. Na hapo ndipo Tunduma tunayoijua ilipozaliwa.

Wenye umri wangu wanakumbuka mwanzo wa miaka ya 1980, maduka yalipokuwa matupu, na sabuni, sukari na mafuta ya kula vilipokuwa vitu vya kufichwa. Mpaka wakati huo ulikuwa mlango wa nyuma wa nyumba. Usiku watu walivuka kwenda Nakonde na kurudi na mizigo kichwani, wengine kwa ndugu zao wa damu, katika vijia ambavyo babu zao walivipita kabla ya Mjerumani na Mwingereza. Mwaka 1983 serikali ikaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, na wengi walitupa magunia yao porini. Kufika mwaka 1984 masharti ya kuingiza bidhaa yakaanza kulegezwa, na enzi ya Mzee Mwinyi ikaja na ruksa. Kilichokuwa magendo jana kikawa biashara leo. Mwaka 1990 Tanzania ilipata sheria ya kuwavutia na kuwalinda wawekezaji, na mwaka 1997 nyingine ikachukua nafasi yake.

Malori yakaongezeka mwaka hadi mwaka: shaba ya Zambia na ya Kongo ikishuka kwenda bandarini, mafuta, magari na mashine zikipanda. Kwa sababu yalisimama hapa, mji ukaota kandokando yake kama majani kando ya mfereji unaovuja. Nyumba za wageni, mabanda ya chakula, mafundi wa matairi, mawakala wa forodha, wabadilishaji wa kwacha, vijana wa bodaboda. Sensa ya 2012 ilikuta watu wapatao 98,000 Tunduma. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya 200,000. Mwaka 2016 ukaundwa Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya. Hakuna mwekezaji aliyekuja kuujenga mji huu. Ulijengwa na foleni.

Sasa naona vizuri kwa nini mama yule aliogopa. Lakini lazima tuseme ukweli wote. Riziki ya foleni ni riziki inayotokana na taabu ya mtu mwingine. Dereva anayelala siku nne hapa yuko mbali na mkewe na watoto wake; tulishuhudia ukimwi ulivyofuata barabara hii na watu tuliowazika. Mzigo unaochelewa huongeza bei ya kila kitu, na anayelipa mwisho ni mnunuzi wa Ndola, wa Lubumbashi, hata wa hapa hapa. Mji hauwezi kuomba kwamba njia izibe ili yenyewe ishibe. Kuomba hivyo ni kama mganga kuomba ugonjwa.

Kwa hiyo swali si kama mgeni apite haraka au polepole. Atapita tu, na siku zote atatafuta kupita haraka zaidi, maana faida yake iko huko. Septemba 2025 serikali zetu mbili zilikubaliana na kampuni ya China ya CCECC kuifufua na kuiendesha TAZARA kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Upande wa magharibi, reli ya Lobito huko Angola, ambayo nayo ilijengwa kwa mtaji wa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, imekabidhiwa kwa muungano wa makampuni yenye asili ya Ulaya, na Marekani na Umoja wa Ulaya zimeahidi kuisogeza mpaka Zambia. Shaba ile ile inavutwa na wawili, mmoja mashariki na mmoja magharibi. Sisi tulio njiani tunaweza kuamka siku moja tukakuta barabara ni nyeupe.

Swali, basi, ni nini kinachobaki. Nikitazama miaka hii yote, naona kwamba kilichobaki hakikutegemea wema wa mgeni wala rangi yake. Mskochi alikuja na Biblia na bunduki, Mwitaliano na mabomba, Mchina na mkopo usio na riba. Kila mmoja aliacha kile tu kilichoandikwa kabla kazi haijaanza. Vijana 200 walikwenda Beijing kwa kuwa serikali zetu zilihitaji waendeshaji, na jambo hilo likawekwa katika mpango. Karakana ilikwenda Mpika kwa kuwa ilipangwa Mpika. Tunduma haikupata kwa kuwa hakuna aliyeitaja. Mwenyeji asiyesema neno mgeni anapobisha hodi asilaumu mgeni anapoaga.

Na tunavyo vya kutaja. Mbozi kuna kahawa na mahindi, na bonde la Kamsamba kuna mpunga. Kila siku mazao haya hupita mpakani yakiwa katika magunia, ghafi, kama pembe zilivyopita migongoni mwa wapagazi. Kinu kizuri cha mpunga, maghala, karakana ya mabehewa na ya malori, chuo cha ufundi: hivi ni vitu ambavyo mgeni akipita haraka havimfuati. Tena mgeni wa haraka huvihitaji zaidi, maana anayekimbia ndiye anayehitaji fundi karibu.

Miaka imepita tangu kituo kifunguliwe. Ukaguzi ni mmoja, lakini malori yameongezeka mno, na siku nyingine foleni hurudi ikanyoosha shingo yake kilomita nyingi kuelekea Vwawa. Mama yule bado yupo. Nilimpitia hivi karibuni nikamkumbusha swali lake. Alicheka, akasema hata yeye amelijibu. Mtoto wake wa tatu amejifunza kutengeneza injini za malori, amepanga chumba nyuma ya kituo cha mafuta, na ana vijana wawili wanaojifunza kwake.

"Wakikaa, Mwalimu, wanakula kwangu," alisema. "Wakikimbia, wanaharibikiwa kwa mwanangu."

Nikamwambia kwamba wakubwa wanaokwenda kutia saini mikataba wangefanya vyema kupita kwake kwanza, wale wali.